Nani Alifunga Nati Hii

Chumba namba sita, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha unga.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na watoto, na kwamba miguu ya mama yako imempa nafuu kidogo tangu ulipoandika. Mimi sijambo kwa namna ya watu wa umri wangu: naamka, nahesabu viungo vinavyouma, nikiona havijaongezeka nashukuru. Mvua imenyesha huku wiki mbili mfululizo, na ukuta wa upande wa dirisha umeota ukungu wa kijani. Imenibidi nilisogeze kabati la vitabu katikati ya chumba. Sasa kutoka kitandani hadi mlangoni napita ubavu ubavu kama kaa.

Barua yako niliipata mwisho wa Januari. Ulitaka neno moja tu kutoka kwangu, na siku ile ile neno hilo nilikuwa nalo tayari. Usidhani nimechelewa kwa sababu ya uzee au posta. Kabla sijakujibu nilifanya jambo la aibu, na kuna fundi hapa mtaani kwetu, mtu asiye na hatia, anayelilipia hadi leo ninapoandika. Haya si mambo ya kusema kwenye simu. Ningeisikia sauti yako, ningeyalainisha. Kwa hiyo nivumilie. Jibu lako limo humu, ila limepita njia ndefu.

Tuanze na swali lenyewe. Unasema kila baada ya miezi mitatu unaipeleka pikipiki kwa wakala aliyekuuzia, na kila mara unatoka na karatasi ndefu kuliko ya mara iliyopita. Unataka kujua kama si bora ufanye sevisi mwenyewe, nyumbani, kama nilivyokuelekeza kwa michoro katika barua zangu za zamani. Nakala uliyoniambatishia nimeipitia kwa kalamu nyekundu. Miaka niliyosahihisha prufu kwa wachapaji haijanitoka mwilini. Oili, chujio la oili, plagi: hivyo ni vitu, vina bei, na dukani utavipata kwa karibu nusu ya walichokutoza. Kumwaga oili na kutia nyingine ni kazi ya saa moja kwa mtu mwenye beseni, faneli na subira. Kukaza cheni na kuipaka mafuta, saa nyingine. "Ukaguzi wa jumla" wameutoza kana kwamba wamempasua mtu moyo, na wewe mwenyewe unasema ulikuta tope la wiki iliyopita limeganda kwenye cheni waliyoandika kuwa wameiosha. Kama lingekuwa swali la hesabu tu, ningekujibu kwa mstari mmoja: achana nao, nunua spana.

Lakini chini kabisa ya karatasi ile kuna sahihi mbili, ya fundi aliyefunga na ya msimamizi aliyekagua. Wewe umeziita mapambo. Januari ningecheka pamoja nawe.

Mama yako atalikumbuka banda la babu yako. Mzee alitengeneza baiskeli, baadaye pikipiki, na alikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta kwingine kokote: aliyefunga haruhusiwi kukagua. Kazi ikiisha, aliyefunga anarudi nyuma hatua tatu na kuweka mikono mgongoni. Mwingine anapita, anaishika kila nati kwa vidole, anaijaribu, kisha anaitamka kwa sauti: "Nati ya gurudumu la nyuma, nimeiona." Macho hayakuhesabiwa, kuona kwa babu yako kulikuwa kwa vidole. Mama yako alikuwa na miaka tisa na ndiye aliyekuwa mkaguzi mkali kuliko sisi sote. Siku moja alimrudisha mzee mwenyewe kazini mbele ya mteja. "Baba, hii inacheza." Mzee akarudi kuikaza bila kunung'unika, na mteja akacheka hadi akakaa chini.

Sheria ile nilivuka nayo mpaka, miaka thelathini na saba iliyopita, kwa kuwa haikuwa kitu cha kupekuliwa na kuchukuliwa. Mkaza mjomba wako, Mungu amrehemu, aliipokea kama sehemu ya mahari. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikuwa anashuka uani, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miwani kwenye ncha ya pua, na kuinyooshea mikono ile pikipiki yangu kama daktari wa watoto.

"Breki ya mbele?"

"Nimeiona."

"Nati ya nyuma?"

"Nimeiona. Na kifungo cha pili cha shati lako hakijafungwa, nacho nimekiona."

Alipofariki, huu mwaka wa nne, nilipaswa kumtafuta mtu mwingine wa kukaa kwenye ndoo. Sikumtafuta. Nilianza kuyasema maneno ya pande zote mbili mimi mwenyewe. Nafunga, narudi nyuma hatua tatu, naweka mikono mgongoni, kisha nasogea na kusema nimeiona. Mwanzoni nilikuwa naishika kila nati kweli. Halafu, sijui tangu lini, vidole vikaacha kwenda na maneno yakaendelea peke yake. Nilipenda kuyasikia uani pale. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine ya kukupa.

Jumamosi ya kwanza ya Februari nilikaza cheni. Unajua kazi hiyo: unailegeza nati kubwa ya gurudumu la nyuma, unalivuta gurudumu, kisha unaikaza tena nati na kupitisha ile pini ndogo inayoizuia isijifungue. Niliirudisha nati kwa mkono tu, nipime kwanza kama gurudumu limekaa sawa. Hapo jirani yangu mshonaji akaniita kutoka ngazini. Alikuwa na furushi la sare za shule, akaomba nimfikishe nalo upande wa pili wa mji. Nikamwambia sasa hivi, mama. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikayasema yote hadi mwisho, nati ya nyuma nimeiona, tukaondoka.

Kwenye kona ya kiwanda gurudumu lilihama, cheni ikaruka, gurudumu likagoma. Mimi nilichubuka goti. Yeye aliangukia mkono wa kulia, na kifundo kikavunjika mahali pawili. Mshonaji, mpwa wangu. Mkono wa mkasi. Furushi lilipasuka na mashati madogo meupe yakatawanyika barabarani. Watu wakasimamisha magari, wakashuka kuyaokota moja moja, kimya, kana kwamba pana msiba.

Pikipiki ilisukumwa hadi kwa wakala wa huku kwetu, maana gereji yake ndiyo iliyo karibu na kona ile. Katika miaka yangu yote sikuwa nimeingia humo, kwa sababu ya kiburi. Sakafu inang'aa hadi unajiona una tope viatuni na tena una tope kwenye kivuli chako. Kuna maua ya plastiki, na viti laini vya kukufanya usahau unasubiri bei. Karani mwenye tai aliniuliza kama nina miadi. Fundi wao, mtu mzima mwenye ovaroli ya buluu na miwani iliyofungwa kwa uzi, alichuchumaa nyuma ya pikipiki kwa muda, kisha akaniita.

"Mzee, hebu sogea. Nati hii ilikaa kwa vidole tu. Na pini haikukatika, haikuwekwa kabisa. Nani alifunga nati hii?"

Nyuma yangu alikuwa amesimama mwana wa mshonaji, dereva wa lori, ametoka hospitali moja kwa moja na damu ya mama yake ingali kwenye mkono wa shati lake.

"Fundi," nikasema.

"Fundi gani?"

"Wa mtaani."

Karani akaandika. "Huko mtaani ndiko mnakouana," akasema bila kuinua kichwa. "Mnaikimbia bei yetu, mnarudi na mifupa." Dereva alinisogelea. Alinishika bega, akanisindikiza nyumbani kwa upole.

Mtaani kwetu fundi wa pikipiki ni mmoja tu. Wanamwita Taratibu, kwa kuwa anakaza nati moja kwa muda ambao mwenzake angemaliza gurudumu zima. Kazi anaifanyia kwenye kontena la bati mkabala na dirisha langu. Watu walikuwa wanamtania: ukiipeleka pikipiki kwa Taratibu leo, mwanao ndiye atakayekuja kuichukua. Pikipiki yangu hakuwahi kuigusa hata siku moja. Mimi nilikuwa mtu wa kujifanyia.

Jioni ile ile dereva alikwenda kontenani. Niliwasikia kutoka dirishani.

"Umemvunja mama yangu mkono!"

"Mimi? Kaka, pikipiki ya mzee sijaipangusa hata vumbi."

"Mzee mwenyewe kasema."

"Kasema mimi?"

"Kasema fundi wa mtaani. Wewe unamjua mwingine?"

Taratibu aliitazama spana yake. Kisha akasema polepole, "Basi kama mzee kasema..." akaishia hapo. Hilo lilinichoma kuliko makelele. Hakufikiria kwamba mzee anaweza kudanganya. Alisimama pale, spana mkononi, akilitafuta kichwani mwake kosa ambalo hakulifanya.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Sikushuka. Siku ya pili sikushuka, na wiki zikapita. Msambaza mikate, aliyekuwa anamwachia Taratibu pikipiki zake tatu, alizihamishia kwa wakala. Wengine wakafuata. Nikifungua dirisha asubuhi nilikuwa namwona amekaa juu ya tairi, anafuta spana zilizokwisha kung'aa, na akiniona ananiinamishia kichwa kwa adabu.

Unajua nilivyotoka nyumbani. Mama yako hakukuficha. Mtu mmoja ofisini alitamka jambo lisilo kweli juu yangu, kwa wepesi, pengine kujiokoa tu, na mimi nikapoteza nchi. Miaka yote hii nimekuwa nikimwandikia mtu yule barua kichwani, nikimuuliza alilalaje. Sasa najua. Alilala vizuri. Asubuhi alikunywa chai, akaenda kwenye shughuli zake, na alipoona vibaya kidogo alijiambia kwamba hakutaja jina.

Jumatatu iliyopita nilishuka. Kontena lilikuwa na makufuli mawili. Nyuma yake mke wa Taratibu alikuwa anafua.

"Amekwenda kwa kaka yake, kwenye machimbo ya kokoto," akasema. "Hapa hakuna anayemletea hata baiskeli."

"Atarudi lini?"

"Akipata nauli. Au akikosa kazi. Kimojawapo kitamrudisha."

Nikamwambia, nimesimama, kofia mkononi. Nilimwambia yote, hadi ile pini. Alikuwa anakamua shuka, na aliendelea kulikamua hata baada ya maji kuisha.

"Sasa mimi unaniambia ya nini, mzee?" akasema. "Mimi nilijua hakuifunga. Kawaambie wasiojua."

Nikaenda kwa mshonaji. Mkono wake ungali kwenye plasta, na alikuwa anajifundisha kukata kitambaa kwa kushoto. Mkasi unamtoka kila mara, na vipande vibovu amevirundika chini ya meza asivione. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mkono ningekusamehe," akasema. "Kufunga nati ni kazi, na kazi hukosewa. Lakini yule bwana alikuja hapa, akasimama hapo ulipo, akaapa hajaigusa. Na mimi nikamwambia atoke nyumbani kwangu." Akakigeukia kitambaa chake. Nilingoja aseme jingine. Akaushika mkasi kwa kushoto. Mwanawe tangu hapo tunapishana ngazini na hanitazami.

Kwa wakala karani aliniambia faili limekwisha fungwa. Fundi mwenye ovaroli ya buluu ndiye aliyeichukua karatasi ya siku ile, akaandika ukweli nyuma yake na kunipa kalamu nitie sahihi. "Nilishuku tangu siku ile," akasema. "Mafundi wa mtaani nawajua. Akikosa pini, ataweka hata msumari."

Siku hiyo hiyo niliandika tangazo kwa herufi kubwa na kulibandika kwenye mlango wa kontena: pikipiki iliyomwangusha mshonaji niliifunga mimi mwenyewe, fundi wa hapa hakuwahi kuigusa, nilisema uongo. Nikatia jina langu kamili na namba ya chumba. Bado nalishikilia ili gundi ikauke, msambaza mikate akasimama nyuma yangu na kulisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Mzee, nani kakulazimisha?"

"Hakuna."

"Si ungeacha tu? Yalishapoa haya."

Yalishapoa. Mtu yuko machimboni anaponda mawe, na mtaani yalishapoa. Na huyo msambaza mikate pikipiki zake tatu hatazirudisha kontenani, hata Taratibu akirudi. Anasema wakala ameshamzoea.

Sasa jibu lako. Dhamana ikiwa bado haijaisha, endelea kwa wakala, umeze bei na unyamaze. Injini ikifa kabla ya hapo na wameona uliifungua mwenyewe, watakugeuzia mgongo. Ikiisha, oili, chujio, plagi na cheni vifanye nyumbani. Una mikono mizuri na akili iliyotulia. Ila usifanye peke yako, hata siku moja. Anayekaa nyuma yako ukienda zahanati ni mama yako; basi yeye ndiye akague. Unasema macho yake yana mtoto wa jicho. Si kitu. Mletee kigoda, muongoze mkono mara ya kwanza, kisha uondoe wako, urudi nyuma. Akikuambia inacheza, usimbishie, hata kama daktari anawangoja. Na ikitokea siku huna wa kukukagua, siku hiyo ipeleke kwa wakala, ulipe. Bei yao ni ya kuumiza, lakini ndani yake kuna mtu wa pili, hata kama ni mvivu wa kuosha cheni.

Umeandika kwamba huwa unawaambia watoto mjomba hajawahi kukosea nati. Wasomee barua hii. Mama yako msomee pia, yote, usiruke mahali. Najua atakachouliza kwanza: nani aliikagua.

Ile pikipiki sitaipanda tena. Wakala anaiuza, na kitakachopatikana nimeandika kiende kwa mshonaji. Hakitamrudishia mkono, lakini chumba nilichonacho hakina kingine cha thamani isipokuwa vitabu, na vitabu vyangu vimeingia ukungu.

Alhamisi napanda basi kwenda machimboni. Ni mwendo wa saa nane na mgongo wangu haufai, lakini tangazo amelisoma kila mtu isipokuwa yeye. Nimejaribu kuyapanga ya kumwambia, na kila ninapopanga nakwama pale pale mwanzoni. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka thelathini, na yeye ni mtu aliyelelewa vizuri. Ataniona nashuka basini, atapangusa vumbi la mawe mikononi, atanisogelea na kusema shikamoo. Sijui nitaitikaje.

Nisalimie mama yako, na umshike mkono unapomsalimu. Nisalimie mkeo, na wanao wote watatu, na binamu yako seremala, na shangazi yako wa upande wa baba kama bado ananikumbuka kwa wema. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, awape riziki isiyotoka kwenye jasho la mtu mwingine, na akuzuilie ulimi siku utakapoogopa.

Mimi mjomba wako akupendaye,
niliye mbali.